Mkunga Kwenye Zizi la Krismasi

Mtoto mchanga mshikeni nyayo. Nalisema hili mapema kabla hamjaanza kuchungulia simu zenu, maana nawajua ninyi wakunga vijana, mzee akirefusha maneno nyie mnatikisa vichwa huku vidole vinatembea. Uso wa mtoto unaweza kuwa mzuri, umejaa, umetulia kama wa mtu aliyeshiba, na bado nyayo zikawa za baridi. Nyayo zikiwa baridi na tumbo lina joto, mfunike vizuri. Tumbo nalo likiwa baridi, acha kila unachokifanya. Yote nitakayowaeleza hapa yanatokana na jambo hilo moja, pamoja na habari za rafiki yangu ambaye ninamkumbuka mpaka kifua kinauma.

Wengi wenu mnanijua kwa jina la Nesi Skola, na tangu nistaafu mmenipandisha cheo, sasa ni Bibi Skola. Nilizaliwa Kidahwe, nikafanya kazi ya ukunga kwenye zahanati za mwambao wa ziwa, kisha mjini. Siku hizi nakaa Buzebazeba na kuku wanne na redio moja. Mume wangu alitangulia zamani, watoto wako mikoa ya mbali na Jumapili wanapiga simu. Siwalaumu, kazi ndiyo iliyowapeleka huko.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Zuhura wa Ujiji. Chuoni nilisoma, ndiyo, na cheti ninacho kwenye fremu. Lakini nilipofika kwenye zahanati yangu ya kwanza, hicho cheti kilinisaidia kupewa chumba cha kulala tu. Kuzalisha nilijifunza kwa kusimama nyuma ya bega la Bi Zuhura, mwanamke mfupi, mweusi, mwenye mikono midogo na sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi.

Wajawazito wa vijiji ambavyo barabara haifiki walikuwa wanaletwa kwa boti. Shemeji au kaka anamshusha mwanamke ufukweni pamoja na beseni lake la nguo, anampandisha mpaka mlangoni kwetu, kisha anawahi kurudi kabla ziwa halijachafuka. Basi Bi Zuhura alikuwa anasimama pale mlangoni, na kabla ya jina, kabla ya kadi ya kliniki, kabla ya kuuliza uchungu umeanza lini, anauliza: "Umekuja na nani?"

Mimi na cheti changu niliona anatuchelewesha. Siku moja tukiwa tunaosha glavu, maana enzi zetu glavu zilioshwa, zikachemshwa, zikaanikwa kwenye kamba kama soksi, nikamuuliza kwa nini haanzi na jina kama tulivyofundishwa.

"Jina lake litakuwa lilelile hata nikiliuliza jioni," akasema. "Lakini kama hana mtu, mimi nataka kujua sasa hivi."

Na mwanamke akijibu kwamba yuko peke yake, Bi Zuhura alikuwa anamshika mkono na kumwambia, "Basi umekuja na mimi." Hayakuwa maneno ya kumfariji tu. Kuanzia hapo haondoki. Nilimwona mara nyingi zamu yake imekwisha, amevaa viatu, mwavuli uko mkononi, halafu anasikia mama fulani anaguna kwa uchungu kule leba, anauweka mwavuli chini na kuvua viatu tena.

Sasa niwape kosa langu, maana mzee asiyetaja makosa yake anawadanganya. Zamani mtoto akizaliwa tulikuwa tunamwosha papo hapo. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo mabibi walivyotaka, wamwone mtoto anang'aa. Nilikuwa na miezi michache kazini. Ilikuwa masika, paa linavuja, upepo unaingia. Bibi mmoja kutoka mwambao akanisimamia kichwani: "Oga umwana, nesi, oga umwana," Kiswahili chake na Kiha vimeshikana, akimaanisha nimwogeshe mtoto. Nikamwosha. Nikamwosha vizuri mno, mpaka masikioni, nikamweka mezani nimpime uzito huku naongea na mama yake. Uso ulikuwa mzuri kabisa. Nikamwita Bi Zuhura aje aone kazi safi.

Hakuangalia uso. Alimshika nyayo, kisha tumbo, halafu akaniangalia mimi kwa jicho ambalo sijalisahau. Mama alikuwa anatoka damu na hakuweza kumshika mwanawe. Bi Zuhura akafungua vifungo vya gauni lake la kazi, akamtumbukiza mtoto kifuani, ngozi kwenye ngozi, akajifunga kanga mbili juu yake. Akanifokea nishughulikie damu. Halafu akaendelea na kazi na yule mtoto kifuani: ameandika kitabu cha wodi, amekunywa chai, amegombana na mleta kuni. Mchana kabisa mtoto akaanza kupiga kelele ndani ya gauni. Bi Zuhura akacheka, akasema, "Haya, huyu amesharudi."

Nyie leo mnaiita njia ya kangaruu na mmewekewa picha zake ukutani. Nafurahi. Mnajua pia kwamba mtoto haoshwi siku aliyozaliwa. Sisi tulijifunza kwa hofu.

Tulipohamia mjini wote wawili, urafiki ukawa undugu. Krismasi alikuja kwangu kula pilau, Idi nilikwenda kwake Ujiji kula pilau ileile, maana mimi nilipika kwa maelekezo yake na yeye aliniambia kila mwaka kwamba bado. Krismasi baada ya kula, tulikuwa tunakwenda kanisani kuangalia igizo la kuzaliwa kwa Yesu. Ndiyo, Bi Zuhura na mtandio wake na tasbihi mkononi, benchi la nyuma kabisa. Tulikuwa tunakwenda kukagua uzazi.

"Skola," alikuwa ananinong'oneza, "huyu binti amejifungua saa ngapi? Mbona nguo hazina hata kunjo moja?"

"Dakika tano zilizopita."

"Na ameshapiga magoti wima. Kitovu kakata nani?"

"Labda Yusufu."

"Huyo Yusufu hajaweka hata maji jikoni. Kashika fimbo tu."

Tulicheka mpaka watu wakageuka, tukajifunika midomo kwa kanga, mimi muumini wa kanisa lile na yeye mgeni, wote na adabu mbovu. Alikuwa anaipenda ile hadithi, msidhani aliikejeli. Aliniambia kwamba kwa mafunzo ya dini yao, Mariamu alishikwa na uchungu akiwa peke yake, kwenye shina la mtende. "Kwenu ana Yusufu na ng'ombe, kwetu ana mtende," alisema. "Mkunga hayupo kwenu wala kwetu. Yule alisimamiwa na Mungu mwenyewe. Hawa wengine, Skola, wanatutegemea sisi."

Bi Zuhura alifariki mwaka huu, kabla ya mvua kuanza. Alilala tu akapitiliza. Nilikwenda Ujiji, nikakaa na wanawake ndani wakati wanaume wanampeleka, na nilirudi Buzebazeba nikiwa sijui nifanye nini na mikono yangu. Watu wanadhani unamkumbuka mtu siku za msiba. Mimi ninamkumbuka ninapoona jambo la kuchekesha. Naliweka akilini nimpelekee, halafu nakumbuka hakuna wa kumpelekea. Nimeshajikuta natoa vikombe viwili kabatini, siyo mara moja.

Basi mwaka huu kanisa lilibadilisha igizo. Vijana walisema watu hawataki tena kukaa kwenye mabenchi, wanataka kutembea ndani ya hadithi. Wakagawa kiwanja cha kanisa kinachoteremka upande wa ziwani kuwa Bethlehemu, vituo na vibanda vya matete, watu wakaingia kwa makundi, kila kundi na kijana wake wa kuliongoza kutoka kituo hadi kituo, jioni tatu mfululizo kuanzia saa kumi na moja. Nilitaka kubaki nyumbani. Nilivaa, nikavua, nikavaa tena. Mwisho nikaenda kwa sababu nilijua Bi Zuhura angenicheka kwa kukaa na kuku siku ya Krismasi.

Kituo cha kwanza kilikuwa cha sensa ya Kaisari. Karani, kijana mwenye ndevu za pamba zilizoanza kubanduka upande mmoja, alikuwa na meza na daftari kubwa, anaandika kila anayeingia.

"Jina?"

"Skolastika."

"Unatoka wapi?"

"Buzebazeba. Kwa kuzaliwa, Kidahwe."

"Umekuja na nani?"

Hakujua alichouliza. Aliambiwa awaandike watu kwa familia zao, basi. Lakini mimi nililijua swali lile ni la nani, na foleni nyuma yangu inasubiri. Nikasema, "Peke yangu." Akaandika. Nilimwona akiandika hilo neno, na nusura nigeuke nirudi nyumbani.

Niliendelea na kundi. Niseme haki, vijana walifanya kazi. Kulikuwa na kibanda kimeandikwa "Gesti ya Bethlehemu, Vyumba Vimejaa," na mwenye gesti alitufukuza kwa ukali wa kweli kabisa. Punda hakupatikana, kwa hiyo walileta ng'ombe mpole kutoka Kidahwe kwetu, wakamfunga masikio marefu ya boksi, na pembe zake zikabaki palepale juu. Wachungaji wa kondoo walikuwa na mbuzi. Kila nilichokiona nilikiwekea akiba ya maneno, halafu nakumbuka. Nilifika zizini nikiwa nimechoka na moyo wangu mwenyewe.

Zizi lilikuwa la mwisho, wazi upande wa ziwa ili watu wapite vizuri. Mariamu alikuwa Anitha, binti wa jirani yetu wa mtaa wa pili, na mtoto aliyekuwa horini alikuwa wake wa kumzaa, wa wiki tatu. Walikuwa wameambiwa wasiongee wala wasitikisike, wawe kama picha. Anitha amepiga magoti, Yusufu ana fimbo yake, kamba imefungwa mbele yetu. Kijana wa kutuongoza, Baraka, akatusihi tusivuke.

"Ona katoto kalivyo kapole," akasema mama mmoja pembeni yangu. Watu wakaanza kupiga picha.

Mimi nilisikia harufu ya nyasi mbichi. Hebu fikirini. Desemba hapa kwetu mvua inanyesha kila siku, nyasi kavu utazitoa wapi? Walikwenda kuzikata asubuhi ileile, zimelowa, wakazijaza horini. Juu yake kitambaa cheupe chepesi. Juu ya kitambaa mtoto, amefungwa kitambaa kingine cheupe chepesi, sweta amevuliwa kwa sababu Bethlehemu hakukuwa na sweta. Na upepo unapanda kutoka ziwani tangu saa kumi na moja, na kundi letu lilikuwa la sita au la saba. Wote mle ndani walimpenda yule mtoto. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Mtoto mpole kupita kiasi humtia mkunga wasiwasi. Anayelia anakupa habari zake. Nikaangalia mdomo wake, haukuwa na rangi niliyoitaka. Nikavuka kamba.

"Bibi, samahani," Baraka akanifuata, "wageni hatuvuki."

"Mimi si mgeni hapa," nikasema, na nikatia mkono chini ya kitambaa. Nyayo baridi. Nikapanda juu. Tumbo baridi.

Nikapiga magoti karibu na Anitha. Aliendelea kuangalia mbele kama picha, maskini, anaongea bila kufungua midomo. "Kuna nini, Bibi?"

"Amenyonya saa ngapi?"

"Kabla hatujaja. Saa tisa. Niliambiwa nisinyonyeshe mbele za watu."

"Umekuja na nani hapa?"

Sikupanga kuuliza hivyo. Lilitoka lenyewe. Akaniangalia kwa mara ya kwanza, na macho yakajaa maji. "Peke yangu. Baba yake yuko kambi ya dagaa. Mama mkwe anaumwa miguu."

"Basi umekuja na mimi," nikasema. Mdomo ulikuwa wangu, lakini sauti niliijua ni ya nani, na mikono nayo ikaanza kwenda yenyewe.

Nikamwambia afungue gauni lake la Mariamu. Nikamvua mtoto vile vitambaa vyenye unyevu, nikamweka kifuani kwa mama yake, ngozi kwenye ngozi, kichwa chini ya kidevu. Nikafungua kitenge changu cha juu nikamzungushia, nikavua na mtandio nikamfunika kichwa. Wachungaji wa kondoo walikuwa wameshafika kuona kuna nini. Nikawaambia wageuke, wasimame bega kwa bega wafanye ukuta, na Yusufu aache fimbo aende kutafuta maji ya moto ya chai ya mama. Alikimbia vizuri sana yule kijana. Moyoni nikasema, umeona, Bi Zuhura, hatimaye amekwenda jikoni.

Mtoto hakunyonya. Nilimsugua mgongo, nikamkamulia mama matone machache nikampaka mtoto midomoni, hakushughulika. Hapo niliogopa, siwafichi. Miaka yangu yote kazini na niliogopa kama yule msichana wa cheti. Nilikuwa nafikiri, gari lipo upande gani, nani ana pikipiki, hospitali dakika ngapi. Nikamwambia Baraka aweke bajaji tayari getini.

Wakati huohuo kundi jingine likafika, hakuna aliyelizuia. Baraka, amerudi mbio kutoka getini, akasimama mbele yao, jasho linamtoka. "Na hapa," akasema, "ni zizini. Huyu ni Mariamu, na huyu ni... huyu ni mkunga."

Mtoto mmoja wa kike akamuuliza baba yake kwa sauti, "Baba, kwani mkunga alikuwepo?"

Baba yake akatuangalia. "Leo yupo," akamjibu.

Sijui ilikuwa dakika ngapi. Chai ilikuja, Anitha akanywa, joto lake likapanda, likampata mtoto. Kwanza alikunja vidole. Halafu akageuza kichwa anatafuta. Halafu akashika titi na kunyonya kwa nguvu, na alipokosea kidogo likamtoka, akakasirika akalia kwa sauti iliyofika mpaka kwa Kaisari. Wachungaji wakageuka, nikawafokea wageukie kule. Nikashika nyayo. Zilikuwa zinapata joto.

"Haya, huyu amesharudi," nikasema. Nikalia hapohapo mbele ya watu, na sikuona haya.

Tulimpeleka hospitali hata hivyo, kwa ile bajaji, kwa sababu mtoto aliyepoa lazima aangaliwe na wenye vipimo. Msije mkaishia kwenye kujisifu tu. Wakamwangalia, wakasema yuko salama, anyonyeshwe na afunikwe. Mama aliyesimamia igizo alikuja nyumbani kwangu asubuhi yake, macho mekundu, kuomba radhi kama vile mtoto alikuwa wangu. Jioni hiyo horini waliweka mwanasesere. Anitha alitaka kuendelea, na mwanawe akae kifuani kwake, amevaa sweta lake, anyonye anapotaka, mbele ya nani sijui. Tulikubaliana hivyo, kwa sharti moja.

"Uje na wewe, Bibi," yule msimamizi wa igizo akasema. "Hutasema kitu. Utakaa tu pale zizini."

Jioni nikavaa gauni langu jeupe la kazi, lile la mwisho. Lilinibana kidogo kiunoni. Nikachukua kanga mbili kavu. Moja ilikuwa ya Bi Zuhura, binti yake alinipa baada ya msiba, na sikuwahi kuifungua. Nilipoikunjua niliona bado ina mikunjo ya pasi yake, na nikakaa kitandani muda nikiwa nimeishika. Nilitamani angekuwepo. Sina maneno makubwa zaidi ya hayo. Nilitamani akae pembeni yangu kwenye ile harufu ya mbuzi, aninong'oneze kwamba Mariamu wa mwaka huu angalau ana jasho.

Baraka alitaka kunipitisha mlango wa nyuma wanakopita waigizaji. Nikakataa, nikapanga foleni kama watu wengine mpaka mezani kwa karani. Ndevu zilikuwa zimebandikwa upya. Hakunikumbuka, au alikuwa anafuata kazi yake.

"Jina?"

"Skolastika."

"Unatoka wapi?"

"Buzebazeba."

"Umekuja na nani?"

"Nimekuja na Bi Zuhura wa Ujiji," nikasema.

Akachungulia nyuma yangu. Kulikuwa na baba na watoto wake watatu, wageni kwangu. Akaniangalia mimi, akaangalia ile kanga niliyoikumbatia, akaangalia tena usoni. Kisha akainama, akaandika Skolastika, na chini yake akaandika Zuhura, taratibu, kwa herufi nzuri.

Tukaingia.